Papa Anapokuja Afrika: Mapokezi Makubwa, Masikio Mafupi

Tarehe 31 Julai 1969 Papa Paulo VI alitua Uganda, na kwa mara ya kwanza katika zama hizi Papa akakanyaga ardhi ya Afrika. Waumini walimpeleka Namugongo, walikouawa mashahidi wao wa imani. Wanasiasa na waandishi wa habari waliitazama zaidi Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na Nigeria, kwa kuwa mjini Kampala alikutana na wajumbe wa pande zote mbili za vita vya Nigeria. Hakufanikiwa kuwapatanisha; vita viliendelea hadi Januari 1970. Tangu hapo kila ziara imekuwa na sura mbili, ya altare na ya Ikulu.

Mobutu Sese Seko, rais wa Zaire (Kongo ya leo), aliielewa mapema sura ya pili. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo, na baadaye akaifuta Krismasi katika sikukuu za taifa. Lakini Mei Mosi 1980, siku moja kabla Papa Yohane Paulo II hajawasili Kinshasa, alifunga ndoa ya kanisani na Bobi Ladawa. Dola iliyopigana na Kanisa sasa ilitaka picha nalo. Siku chache baadaye watu tisa walikanyagwa hadi kufa katika umati uliowania kuingia kwenye misa.

Vyombo vya habari navyo vina kosa lao. Machi 2009, Papa Benedikto XVI akiwa ndegeni kuelekea Cameroon, aliulizwa kuhusu UKIMWI, akajibu kwamba kondomu huzidisha tatizo. Jibu lile lilistahili kupingwa, na Ufaransa na Ujerumani zililipinga. Bunge la Ubelgiji likapitisha azimio la kulilaani. Lakini kelele hizo zilifunika alichosema Yaoundé mbele ya Rais Paul Biya: kwamba Mkristo hana ruhusa ya kunyamaza mbele ya rushwa na matumizi mabaya ya madaraka.

Kenya ilipata zamu yake Novemba 2015. Serikali ilitangaza tarehe 26 kuwa siku ya mapumziko, na viongozi wakajaa misani. Kesho yake Papa Fransisko aliingia mtaa wa mabanda wa Kangemi, jijini Nairobi, akataja wakazi wasio na maji wala vyoo, na wastawishaji wasiojulikana wanaonyakua hata viwanja vya kuchezea watoto wa shule. Wakenya hawakuhitaji kufafanuliwa: Januari ya mwaka huohuo polisi walikuwa wamewarushia vitoa machozi wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata waliokuwa wakidai uwanja wao. Siku hiyohiyo ya Kangemi, katika uwanja wa Kasarani, Papa aliwaambia vijana kwamba ufisadi ni kama sukari: mtamu, kisha unaua.

Kinshasa, Januari 2023, Fransisko aliwataka wageni waache kuipora Kongo. Ikulu ilishangilia, kwani lawama ilielekezwa nje. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, hakufika kwa sababu ya vita. Wahanga wa mashariki ndio walioletwa kwake wamsimulie walivyokatwa viungo na kubakwa.

Mwanasiasa hupokea sehemu ya hotuba isiyomgusa, na hilo halitabadilika kwa hiari yake. Kwa hiyo mzigo ni wetu waandishi. Ndege ikishaondoka, tuzitunze hotuba hizo, na kila mwaka turudi Kangemi na Goma kuuliza nini kimefanyika.