Mapambo ya Krismasi ya unga wa chumvi

Mapambo ya unga wa chumvi ni vipambo vidogo vya kutundikwa kwenye mti wa Krismasi, vinavyofinyangwa kwa mkono, mara nyingi na watoto wadogo wakisaidiwa na wazazi au walimu wao, kutokana na donge la unga wa ngano, chumvi na maji ambalo hukaushwa hadi liwe gumu na ambalo halikusudiwi kuliwa. Tofauti na mapambo ya dukani, haya hutengenezwa ili yatunzwe: hubeba alama ya kiganja au kidole cha mtoto, jina lake na mwaka, kisha hutolewa sandukuni kila Majilio, yaani kipindi cha Jumapili nne kinachotangulia sikukuu ya Kuzaliwa kwa Yesu. Kwa sababu hiyo familia huyaweka katika fungu moja na picha na vyeti vya ubatizo, na nyota iliyopinda pembe huthaminiwa kuliko iliyonyooka.

Asili

Desturi ya kutundika kitu cha unga mtini ni kongwe kuliko ile ya kutundika vitufe vya kioo. Katika nchi za Kijerumani tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, na maigizo ya dini yaliyochezwa siku hiyo yalikuwa na mti wa Paradiso uliotundikwa matofaa, ambao baadaye uliongezewa mikate myembamba isiyotiwa chachu, iliyofanana na hostia, ili tunda la anguko na mkate wa wokovu vionekane kwenye tawi moja. Taarifa ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg inaeleza miti iliyosimamishwa sebuleni ikiwa na waridi za karatasi, matofaa, mikate myembamba ya aina hiyo, karatasi za dhahabu na vitu vya sukari. Vitufe vya kioo vilivyopulizwa huko Lauscha, katika jimbo la Thuringia, vilienea katika karne ya 19, na baada ya mfanyabiashara wa Marekani F. W. Woolworth kuanza kuviuza madukani mwake mnamo 1880, pambo la kununua lililisukuma pembeni lile la kutengeneza nyumbani.

Lililolirudisha pambo la mkono lilikuwa shule ya watoto wadogo. Friedrich Fröbel (1782–1852), mwalimu wa Kijerumani aliyefungua taasisi ya watoto huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuipa jina la “bustani ya watoto” mwaka 1840, aliweka kufinyanga, kukunja karatasi na kusuka miongoni mwa kazi za kila siku za mtoto, akiamini kwamba mkono hufundisha akili. Nyota ya karatasi iliyopewa jina lake baadaye hukunjwa hadi leo wakati wa Krismasi, ingawa si yeye aliyeibuni.

Sanaa ya unga usioliwa ina vituo vyake pia: Vizovice, katika nchi ya Ucheki, unajulikana kwa vinyago vya unga mgumu vinavyopakwa yai ili ving’ae, na Calderón, karibu na Quito nchini Ekuador, kwa vinyago vya rangi kali vilivyotokana na mikate ya siku ya kuwaombea marehemu, tarehe 2 Novemba, ambavyo sasa hutengenezwa pia kwa ajili ya mti wa Krismasi.

Vifaa na utengenezaji

Kipimo kilichozoeleka ni vikombe viwili vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha chumvi na maji yasiyozidi kikombe kimoja, yanayomiminwa kidogo kidogo kwa kuwa unga haunywi maji kwa kiasi kilekile kila mara. Unga uliokwisha kuchanganywa na hamira haufai, kwa sababu huumuka na kuharibu umbo. Chumvi inayofaa ni ile laini. Ya mawe hutwangwa kwanza, la sivyo punje zake huacha vishimo usoni mwa pambo. Kazi za chumvi ni mbili: huvuta maji ambayo ukungu ungeyahitaji ili uote, na hulifanya donge lisivutike kama la chapati, hivyo kwamba umbo likishakatwa halijikunji wala kurudi nyuma.

Donge hukandwa kwa takriban dakika kumi hadi liwe laini lisiloshika vidole, kisha husukumwa kwenye kibao hadi unene wa karibu nusu sentimeta. Likiwa jembamba zaidi huvunjika mapema, na likiwa nene hukauka nje huku ndani likibaki bichi. Maumbo hukatwa kwa vibati vya biskuti au kwa mdomo wa glasi, na tundu la kupitishia utepe hutobolewa kwa mrija wa soda kabla ya kukausha, mbali kidogo na ukingo. Tundu lililosahauliwa ndilo kosa la kawaida kuliko yote, kwa maana pambo lililokauka likichokonolewa hupasuka.

Alama ya kiganja hutaka uangalifu wa pekee kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, ambaye hukunja ngumi mara tu anapogusa kitu cha baridi. Mkubwa huufungua mkono wa mtoto, huulaza juu ya donge, hubonyeza kiganja kwanza na baadaye kidole kimoja kimoja, kisha huuinua wima bila kuuburuta. Mtoto wa miaka minne aghalabu huweza kukata maumbo mwenyewe, na wa miaka sita huweza kuviringisha kamba za unga na kuunda shada au hori. Jina na mwaka huchorwa nyuma kwa kijiti cha meno donge likiwa bado bichi. Walimu wengi wana tabia mbaya ya kunyoosha kazi ya mtoto kabla mzazi hajaiona, jambo linalolinyima pambo sababu ya kuwepo kwake.

Ukaushaji hufanyika katika oveni yenye moto mdogo, takriban nyuzi 100 za Selsiasi, kwa saa mbili au tatu. Moto ukizidi, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuinua malengelenge. Palipo na jua kali na hewa kavu, pambo huanikwa kwa siku kadhaa na kugeuzwa mara kwa mara lisijikunje. Rangi za maji hupakwa baada ya kukauka kabisa, na vanishi hupakwa mwisho, pande zote mbili na ndani ya tundu.

Donge bichi ni hatari kwa mtoto anayelila na zaidi kwa mbwa, kwani chumvi nyingi kiasi hicho husababisha sumu mwilini.

Alama za dini

Nyota ya mamajusi, malaika, kondoo, hori na samaki ndiyo maumbo yanayopatikana zaidi. Familia nyingine hufuata Mti wa Yese, utaratibu unaotokana na Isaya 11:1, ambapo kila siku ya Majilio husomwa kisa kimoja cha Agano la Kale na kutundikwa pambo linalokihusu, kama vile safina ya Nuhu au ngazi ya Yakobo.

Uhifadhi

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu huo unapozidi takriban asilimia 75, kiwango kinachofikiwa mara nyingi katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Pambo lisilopakwa vanishi huko hulainika, hutoa majimaji na hatimaye hudondoka kutoka kwenye utepe wake, ilhali la aina hiyohiyo katika nyanda za juu zenye hewa kavu hudumu kwa miaka. Dawa ya kawaida ni kulifunga kwa karatasi laini, si mfuko wa plastiki, na kuliweka katika kopo lenye mfuniko lililotiwa vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Lililolainika huweza kukaushwa tena, ila rangi yake hupasuka.

Afrika Mashariki

Mwaka wa masomo nchini Tanzania na Kenya huanza Januari na kufungwa kabla ya Krismasi, hivyo kazi hii, ambayo Ulaya hufanywa chekechea katikati ya Desemba, hapa huangukia nyumbani au shule ya Jumapili. Bei ya unga wa ngano pia huifanya ionekane israfu kwa wengi, na mapambo ya maganda ya migomba na ya shanga yanafahamika zaidi.

Aina zinazokaribiana

Krismoni ni mapambo meupe na ya dhahabu yenye alama za Kristo, yaliyobuniwa na Frances Kipps Spencer katika kanisa la Kilutheri la Ascension, Danville, Virginia, mwaka 1957. Nyota ya Herrnhut, ya karatasi na yenye pembe nyingi, ilianza kama zoezi la jiometria katika shule ya wavulana ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, katika karne ya 19.