Kirangozi na Mgeni: Kuongozwa na Kujizungukia Katika Historia ya Uzinza

Swali la kama mgeni katika mji au nchi yenye historia afuate mwongozaji au ajizungukie mwenyewe huhesabiwa kuwa ni swali la zama za utalii, lakini kusini mwa Ziwa Victoria lilikwisha kujibiwa kabla mtalii wa kwanza hajafika. Nkome, makazi ya wavuvi yaliyoko mwambaoni katika Wilaya ya Geita, yamo ndani ya Uzinza, nchi ya Wazinza ambayo misafara ya karne ya 19 iliipitia ikitoka Unyamwezi kwenda Karagwe na Buganda, na katika nchi hiyo msafara haukuweza kwenda bila kuongozwa, uwe wa mfanyabiashara wa Kiarabu, wa Mnyamwezi mwenye pembe za ndovu au wa Mzungu mwenye ramani tupu. Kilichobadilika tangu wakati ule ni mahali yanapohifadhiwa maarifa ya njia: zamani yalikaa kwa mtu, na leo sehemu yake imehamia vitabuni, kwenye vibao na ndani ya simu, kiasi kwamba uhuru wa kutembea peke yako umekua kwa kadiri ya kuhama huko.

Mtu huyo wa zamani aliitwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara anayetangulia mbele ya wapagazi wote. Richard Burton, aliyetoka Unguja mwezi Juni 1857 pamoja na John Hanning Speke na kufika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huohuo, aliacha maelezo marefu kuhusu cheo hicho: kirangozi alijitofautisha na wenzake kwa vazi jekundu na pambo la kichwani la ngozi na manyoya, alibeba mzigo mwepesi kuliko mizigo ya wengine, na katika misafara iliyotoka Unguja bendera nyekundu ya Sultani ilipeperushwa mbele, alipokuwa yeye. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Mpagazi aliyethubutu kumtangulia alichomolewa mshale mmoja podoni ili uwe ushahidi, kisha akatozwa faini. Desturi hii yaweza kuonekana kuwa ni majivuno tu, lakini ilikuwa na sababu, kwa kuwa msafara wa mamia ya watu ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine juu ya kijia chembamba, na palipotokea njia panda aliyekuwa mbele aliiziba ile isiyofaa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini ili walioachwa nyuma sana wasipotee.

Ujuzi wake, hata hivyo, ulikwenda mbali kuliko njia panda. Alitakiwa kujua kisima gani hukauka mwezi gani, ni kijiji gani kilichovuna na kipi kilicho na njaa, ni mtawala yupi aliyegombana na jirani yake, na ni kiasi gani cha hongo, yaani ushuru ambao mwenye nchi alimtoza mpita njia kwa nguo, shanga na waya wa shaba, kingemridhisha kila mmoja wao. Hapo ndipo alipotofautiana na mwongozaji wa leo, kwani hakulipwa ili aieleze nchi, alilipwa ili msafara ufike.

Mwezi Julai 1858, Burton alipobaki Kazeh akiwa mgonjwa, Speke alielekea kaskazini kutafuta ziwa ambalo habari zake walikuwa wameelezwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu wa mji huo, na tarehe 3 Agosti alilitazama kutoka kilimani karibu na Mwanza. Hakupata chombo cha kulivuka, na karibu yote aliyoyaandika juu ya upana na urefu wake aliyapata kwa wenyeji. Mazungumzo yenyewe yalipita mikono mingi: Speke alisema Kihindustani, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India na kurudi Unguja akiwa huru, aliyageuza kuwa Kiswahili, kisha mtu wa tatu akayapeleka katika lugha ya mahali. Baadaye Burton aliutumia mnyororo huo wa tafsiri kumshambulia mwenzake, akidai kwamba taarifa iliyopita katika vinywa vingi hivyo haiwezi kuaminiwa. Kuhusu ukubwa wa ziwa wenyeji walikuwa wamesema kweli, na Burton, ambaye hakulifikia, ndiye aliyekosea.

Safari ya pili ya Speke, akiwa pamoja na James Grant, ndiyo iliyomwingiza Uzinza, na inaonyesha vizuri zaidi jinsi chaguo la njia lisivyokuwa la msafiri. Walifika Kazeh mwezi Januari 1861 na hawakuingia Karagwe kwa Mukama Rumanika mpaka Novemba, ingawa umbali wenyewe haukuhitaji hata nusu ya muda huo. Vita kati ya Waarabu na Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe viliwafanya wapagazi wawe adimu. Habari za Watuta, yaani wapiganaji wa Kingoni waliokuwa wakivamia nchi za jirani, ziliwafanya waliopatikana wagome kusonga mbele. Na watawala wa Uzinza, kwanza Makaka na kisha Lumeresi, walimzuia wakidai nguo za thamani, hususan deole, kitambaa cha hariri ambacho kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mgeni amekificha. Speke aliugua sana akiwa kwa Lumeresi na alikaa huko majuma mengi. Katika kitabu chake watawala hawa wamechorwa kama walafi, na wasomaji wengi wa Ulaya waliridhika na picha hiyo, lakini ikitazamwa kutoka upande wa Uzinza hongo ilikuwa kodi ya mpakani, na kumzuia mgeni mpaka ijulikane anakwenda kwa nani na kwa nini lilikuwa jambo ambalo serikali yoyote ingelifanya.

Henry Morton Stanley alijaribu kulikwepa sharti hilo kwa kutumia maji. Alitoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 na mashua iliyoweza kufunguliwa vipande, akafika Kageyi, mashariki ya Mwanza, mwishoni mwa Februari 1875, akalizunguka ziwa lote kwa siku 57. Hata yeye hakwenda bila mwenyeji, kwa kuwa alimchukua mtu aitwaye Saramba, ambaye kwa maelezo ya Stanley mwenyewe alijaa hofu, na wasomaji wakafundishwa kumcheka. Mtu anayejua upepo wa ziwa hilo unavyobadilika alasiri angeweza kuuliza ni nani kati ya wawili hao aliyeielewa hali.

Ulaya ya wakati uleule ilikuwa ikiachana na mwongozaji kwa njia nyingine. Kampuni ya John Murray ya London ilianza mwaka 1836 kuchapisha vitabu vya mkononi vya wasafiri, Karl Baedeker akafanya hivyo Ujerumani, na Thomas Cook akakodi treni kutoka Leicester kwenda Loughborough mwezi Julai 1841 na kuanzisha biashara ya safari za makundi. Kwa hiyo katika kizazi kimoja msafiri wa Ulaya alipata uwezo wa kujizungukia mwenyewe kwa kitabu, na pia uwezo wa kununua safari iliyokwisha kupangwa. Wapelelezi walioandika kuhusu maziwa ya Afrika walifanya kazi ileile ya kuhamisha maarifa kutoka kwa mtu kwenda kwenye karatasi, tofauti ikiwa kwamba jina la aliyetoa maarifa lilibaki pembeni. Bombay, aliyetembea na Burton, Speke, Stanley na hatimaye mpelelezi mwingine, Cameron, alibahatika kupewa pensheni na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London mwaka 1876. Wengi wa wale waliotangulia mbele ya misafara katika Uzinza hawakuandikwa hata majina.

Mahali palipoandikwa sana katika Afrika Mashariki ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ndiko mgeni anaweza kuamua kweli kumkwepa mwongozaji, wakiwamo vijana wasio na leseni waitwao papasi. Lakini maandishi nayo huongoza vibaya. Wageni wengi huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi jirani na Kanisa Kuu la Anglikana, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wakaambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa. Wanahistoria wamelitilia shaka jambo hilo, kwa sababu jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Kwa vile hadithi hiyo imeingia pia katika maandishi ya watalii, anayetembea peke yake na kitabu mkononi hudanganyika sawasawa na anayemfuata mtu.

Nkome haina hata anasa hiyo ya kudanganywa na kibao. Mgeni aingiapo ataona mitumbwi, dagaa walioanikwa na mnada wa sangara, na akiwa njiani kwenda kisiwa cha Rubondo, ambacho hufikiwa kwa boti kutoka hapo, ataelezwa kuhusu sokwe walioletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 na kuhusu hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1977. Kisiwani atatembea na askari wa hifadhi, kwa kuwa kanuni haimruhusu kujiendea. Kuhusu watu waliokuwa wakiishi huko kabla hawajahamishwa, na kuhusu Uzinza ya Makaka na Lumeresi, hatasikia mengi, na akijizungukia mwenyewe hatasikia lolote.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongozaji awe na leseni, na amri iliyotolewa na serikali mwezi Julai 2025 inamkataza asiye raia wa Tanzania kufanya kazi ya kuongoza watalii, kama inavyomkataza uchimbaji mdogo wa madini. Raia, hata hivyo, si lazima awe mwenyeji, na aliyesomea kazi hiyo Arusha anaweza kuifikia Nkome akiwa mgeni sawa na wale anaowaongoza. Mkoa wa Geita, wenye vijana wengi wanaotafuta riziki nje ya machimbo na nyavu, ungefanya vema kuwalipa wazee wa Kizinza wawafundishe vijana hao majina ya ghuba, visiwa na tawala za zamani, na kuyaandika, kabla leseni za kuongoza wageni katika mwambao huo hazijagawiwa kwa watu wa mbali.