Hesabu ya Pepo na Mikondo katika Bahari ya Hindi

Tarehe 24 Aprili mwaka 1498 merikebu tatu za Vasco da Gama ziling'oa nanga katika bandari ya Malindi, zikiongozwa na rubani ambaye Wareno walipewa na mfalme wa mji ule, na siku ya 20 Mei zikawasili Kalikuti katika pwani ya Malabar, zikiwa zimeivuka bahari kuu kwa siku 26 tu. Wareno hao hao walipotaka kurejea waliondoka pwani ya Bara Hindi siku ya 5 Oktoba, kabla kaskazi haijakaza, wakapatwa na shwari ndefu na pepo za omo hata ikawa tarehe 7 Januari 1499 ndipo walipoingia Malindi tena, mabaharia wao wengi wakiwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye. Na kwa kuwa waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, mojawapo, São Rafael, ikateketezwa kwa moto karibu na Mtangata, katika pwani ya Tanga. Bahari iliyovukwa ni moja na merikebu ni zile zile, nami sijui katika tarihi ya pwani yetu ushahidi ulio wazi kuliko huu wa thamani ya elimu ya pepo.

Kuhusu rubani yule maneno yamekuwa mengi. Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, alidai kuwa ni baharia Ahmad ibn Majid wa Julfar. Walakini maandiko ya Wareno yanamtaja Mgujarati, na kwa maoni yangu dai la Nahrawali halina nguvu mbele ya habari hizo. Wala Ibn Majid hana haja ya kupambwa kwa sifa ya kuazima, kwani kitabu chake cha elimu ya bahari kiitwacho Fawaid, alichokikamilisha kiasi cha mwaka 1490, chatosha kumweka mbele ya mabaharia wote wa zama zake ambao maandishi yao yametufikia.

Elimu hiyo ilikuwa ya namna gani hasa? Mtu wa bara akiambiwa kuwa chombo kimeelekea kaskazini mashariki hudhani kuwa ndiko kinakokwenda, na baharini sivyo. Chombo kina mwendo wake ndani ya maji, maji yenyewe yana mwendo wake juu ya nchi, na upepo nao hukisukuma chombo ubavuni kikateleza upande wa demani. Njia kinayoipita kwa hakika ni jumla ya hayo yote, nayo jumla hiyo haipatikani kwa kuhesabu kama fedha, kwa kuwa kila mwendo una kiasi chake na una upande wake, na vyote viwili lazima viingie katika hesabu pamoja.

Natuchukue safari ya kutoka Bagamoyo hadi mji wa Unguja, ambayo ni kiasi cha maili 24 za bahari, na mji uko takriban sawasawa kaskazini mashariki. Mkondo wa pwani ya Tanganyika na Unguja huelekea kaskazini mwaka mzima, ukapata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi. Tuseme kwamba ni wakati wa kusi, jahazi linakwenda maili 5 kwa saa na mkondo maili 2. Nahodha mgeni akishika kaskazini mashariki kwa dira, asigeuze, baada ya karibu saa 5 ataufikia usawa wa pwani ya Unguja, lakini atakuwa kiasi cha maili 10 kaskazini ya mji, na safari ya kurudi kusini itamlazimu apige bisho dhidi ya upepo ule ule na mkondo ule ule uliompoteza. Mwenyeji huielekeza omo mashariki zaidi, kwa kadiri ya nyuzi 16, akauachia mkondo kazi ya kumpandisha; na pande hizo mbili, mwendo wa jahazi na mwendo wa mkondo, zikifungwa na upande wa tatu, yaani njia halisi, kuwa pembetatu, jahazi huonekana likienda kana kwamba kimshazari, omo ikitazama kwingine na chombo kikienda kwingine, ilhali linafuata mstari ulionyooka mpaka mjini kwa kasi ya maili 6 na ziada kwa saa, likafika kabla saa 4 hazijatimia.

Upepo nao una siri yake. Chombo kikiwa nangani, bendera ya tezini huonyesha upepo ulivyo. Kikishika mwendo, bendera ile ile huonyesha upepo mwingine, uliochanganyika na mwendo wa chombo chenyewe. Upepo wa maili 12 kwa saa ukivuma ubavuni sawasawa, nacho chombo kikienda maili 5, aliyesimama juu ya sitaha huhisi upepo wa maili 13, unaomjia kutoka mbele zaidi kwa nyuzi kama 22 na nusu. Ndiyo sababu nahodha huamuru kamba ya demani ivutwe kadiri jahazi linavyozidi kukaza mwendo, ijapokuwa upepo wenyewe haukugeuka hata kidogo, na kijana anayejifunza kazi hushangaa kwa nini tanga lililokuwa sawa punde hivi sasa lataka kurekebishwa.

Mambo haya yote yalifuata majira ya mwaka. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika miaka ya 1938 na 1939 ndani ya bumu la Kuwait, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji na kisha kurudi Kuwait na shehena ya boriti za mikoko, ameeleza kwa urefu maisha ya vyombo hivyo, vilivyokuja na kaskazi na kungoja kusi ili virudi makwao, kama vilivyofanya kwa karne nyingi kabla yake.

Walimu wa bahari, yaani marubani, waliihifadhi hesabu yao kwa taratibu ambayo naiona kuwa ni miongoni mwa kazi bora za akili katika bahari hii. Duara ya upeo wa macho waliigawa katika sehemu 32 zilizo sawa, kila moja ikaitwa khanni, na kila khanni wakaipa jina la nyota inapochomoza au inapozama: Jahi kaskazini, kisha Farkadani, Naashi, na nyinginezo mpaka Ayuki katika kaskazini mashariki, halafu Thuraya, ndiyo Kilimia yetu, karibu na Tairi ya mashariki, na kusini kabisa Kutubu. Umbali waliupima kwa zamu, yaani mwendo wa saa tatu. Urefu wa nyota waliupima kwa vidole, na kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Nacho kipimio chao kilikuwa kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo, ambao rubani huung'ata kwenye fundo linalomfaa, akaunyosha mpaka ukazike, kisha akakilinganisha kibao, ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uiguse nyota. Kusini ya ikweta, Jahi inapozama, walitumia Farkadani na Naashi. Na mwandishi wa safari ya da Gama ametaja kwamba siku chache baada ya kuondoka Malindi waliiona tena nyota ya kaskazini, ndiyo Jahi.

Sasa ikawa kanuni kwamba chombo kikienda kaskazini sawasawa, nyota ya Jahi hupanda kidole kimoja kwa kila zamu 8. Kikishika khanni nyingine, zamu zinazohitajika ili nyota ipande kidole hicho hicho huongezeka, na idadi hiyo ya zamu ndiyo waliyoiita tirfa. Kwa jiometri halisi, tirfa ya Ayuki ni zamu 11 na thuluthi, na ya Thuraya ni 41. Hesabu za walimu hazikulingana na jiometri kila mahali, lakini fikra iliyo ndani yake ni sahihi kabisa, kwani yule aliyejua tirfa alikuwa ameigawa safari yake ya mshazari katika sehemu mbili, moja ya kaskazini na moja ya mashariki, naye aliweza kuihesabu kila moja peke yake.

Huko Ulaya njia ilikuwa nyingine. Simon Stevin aliandika habari za nguvu zinazokutana kwa pembe katika mwaka 1586, Newton akaieleza kanuni ya msambamba katika mwaka 1687, Hamilton wa Dublin akaanzisha katika mwaka 1843 aljebra iliyotuletea vekta, yaani kiasi chenye upande wake, na Gibbs wa Marekani akaipa hesabu ya vekta sura inayofundishwa hivi leo. Sisemi kuwa mabaharia wetu waliwatangulia katika nadharia, kwani vitabu vyao havina kanuni moja ya jumla inayofaa kwa mwendo, kwa nguvu na kwa umeme pamoja. Lakini huniuma kwamba mwanafunzi wa pwani hii hufundishwa vekta kwa mfano wa ndege inayopeperushwa na upepo, asiambiwe kamwe kwamba pembetatu ile ile ilijulikana kwa vitendo katika mlango wa bahari ulio mbele ya shule yake.

Tirfa nayo ilikuwa na mpaka wake, na walimu waliutambua. Chombo kinachoelekea Tairi sawasawa, nyota ya Jahi haipandi wala haishuki hata kikienda mwezi mzima, na kwa hiyo sehemu ya safari iendayo mashariki haikupimika kwa kibao na uzi. Dawa yake ilipatikana kwa saa ya John Harrison wa Uingereza, iliyojaribiwa katika safari ya Jamaika mwaka 1761. Kabla ya hapo, rubani aliyekwenda Malabar aliutafuta kwanza, angali mbali baharini, urefu wa nyota wa bandari aitakayo, kisha akaushika huo huku akihesabu zamu kwa makisio, na alipodhani kuwa nchi i karibu akazitegemea dalili: rangi ya maji, ndege wa pwani, bildi iliyoteremshwa mara kwa mara kutafuta kina, na nyoka wa baharini wanaoelea juu ya maji, ambao Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, tayari kimewataja kuwa ni alama ya kukaribia Bara Hindi.