Tatizo Si Tangazo: Muda wa Malipo na Uchache wa Wazabuni Buhigwe, Kasulu na Kibondo

Halmashauri ikitangaza zabuni ya chakula cha shule na kupata mwombaji mmoja au wawili, maelezo hupatikana upesi: wafanyabiashara hawana elimu ya fursa. Tangu mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, uanze kutumika Julai 2023, na zaidi baada ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, tiba imekuwa mafunzo: kuwasajili, kuwaelekeza na kuwahimiza. Makala hii inayapinga maelezo hayo, angalau kwa nyanda za juu za Kigoma. Mchuuzi wa maharage wa Munanila au Muyama anaijua shule ya bweni inayonunua maharage na anazijua bei za gulio. Kinachomzuia ni kutojua fedha yake itarudi lini.

Kwamba ushindani humfaidi mnunuzi, hakuna anayebisha. Bulow na Klemperer walionyesha mwaka 1996 kuwa mshindani mmoja wa ziada mnadani huweza kuwa na thamani kubwa kuliko ustadi wote wa majadiliano. Lakini hoja yao haikujengwa juu ya washiriki wanaolipa gharama ili kuingia. Levin na Smith, miaka miwili kabla, walikwishalishughulikia hilo: mtu anapoamua mwenyewe kuingia au kubaki nje, gharama ya kuingia mwishowe humwangukia aliyeitisha mnada. Kwa zabuni, huyo ni mnunuzi. Nashangaa kuona mjadala wetu wa ununuzi unavyoikumbatia hoja ya kwanza na kuipuuza ya pili.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mama mmoja wa Buhigwe ana mtaji wa shilingi 10,000,000. Ananunua maharage kwa wakulima, anauza gulioni, na kila wiki mbili anapata faida ya asilimia 5, yaani 500,000. Akiipelekea shule mzigo wa mtaji wote huo na kulipwa baada ya wiki mbili, bei ya 10,500,000 inamtosha. Akilipwa baada ya wiki kumi na mbili, amekosa mizunguko sita. Lazima adai 13,000,000 ndipo alingane na aliyebaki gulioni. Hapo sijaitaja kodi ya zuio ya asilimia 2 inayokatwa kwa bidhaa zinazouzwa serikalini, wala nauli ya kufuatilia malipo. Tofauti ya 2,500,000 haitokani na tamaa ya mchuuzi. Ni riba ya mkopo ambao halmashauri inauchukua kwake bila kuuandika popote.

Ongeza sasa wachuuzi wengine kumi wa aina yake. Bei haitashuka chini ya gharama hiyo, kwa kuwa wote wanaibeba. Atakayeishusha ni mwenye mkopo nafuu wa benki, na huyo kwa kawaida hatoki Muyama. Utafiti wa Lewis-Faupel, Neggers, Olken na Pande, uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu ujenzi wa miundombinu India na Indonesia, unaelekea huko huko: zabuni za kielektroniki ziliboresha kazi, na washindi wakaongezeka kutoka nje ya eneo la mradi, lakini ushahidi wa bei kushuka haukupatikana. Mfumo ulifungua mlango, na huenda aliyepita ni aliyekuwa na uwezo wa kusubiri.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Kasulu. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu fedha badala ya mgao wa chakula, mpango uliositishwa na Serikali mwaka uliofuata. Mkimbizi mwenye fedha hakuhitaji kutangaza zabuni wala kuwafundisha wauzaji. Alihitaji soko, na alilipa papo hapo. Naliona hilo kuwa jaribio lililo wazi kuliko semina yoyote.

Itasemwa kwamba shule si mkimbizi: fedha ya umma ina stakabadhi, ukaguzi na kamati ya mapokezi. Kweli, lakini kupokea na kukagua magunia ni kazi ya saa chache. Miezi hupotea baadaye, kati ya hati ya madai na akaunti ya mzabuni. Itasemwa pia kwamba sheria inakataza kugawanya ununuzi ili kukwepa ushindani. Inakataza ukwepaji. Haikatazi zabuni moja ya wazi iliyopangwa kwa mafungu, ili kikundi cha wanawake wa Kibondo kiombe tani 2 badala ya kutakiwa kuleta 40. Asilimia 30 ya ununuzi iliyotengwa kwa makundi maalumu itabaki karatasini iwapo kikundi kitapewa zabuni kisha kiachwe bila mtaji. Na halmashauri hizo hizo ndizo zinazotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hati ya agizo la ununuzi ingetosha kuwa msingi wa mkopo huo.

Pendekezo langu la kwanza ni jepesi: NeST ioneshe, katika kila tangazo, wastani wa siku ambazo taasisi husika imechukua kulipa wazabuni wake mwaka uliotangulia. La pili, halmashauri za Buhigwe, Kasulu na Kibondo zisitangaze zabuni ya chakula cha shule kabla fedha yake haijaingia kwenye akaunti. Naamini hayo mawili yataleta waombaji wengi kuliko mafunzo ya miaka yote iliyopita, na hilo linaweza kupimwa ndani ya muhula mmoja wa shule.