Uvimbe, Kinga na Upukutikaji: Historia Fupi ya Istilahi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, lakini Tunduma, mji wake wa mpakani, ni makutano ya lugha tangu zamani. Wanyamwanga huishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliwaongezea wasafiri wa kila kabila. Mahali kama hapo neno la tiba huweza kupitia lugha mbili au tatu kabla ya kumfikia mgonjwa. Neno lenye utata basi huweza kumdhuru, na mfano ulio karibu ni neno "uvimbe". Mgonjwa aambiwapo kuwa ana uvimbe huweza kuelewa saratani, hali tabibu amekusudia jibu la kawaida la mwili kwa jeraha au vijidudu.

Utata huu si wa Kiswahili peke yake. Katika karne ya kwanza Celsus, mwandishi wa Kirumi, alitaja dalili nne za jibu hilo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe kwa Kilatini ni "tumor". Baadaye neno hilo likaelekea kwenye maana ya saratani na mfano wake, na jibu lenyewe likabaki na jina "inflammatio", litokanalo na moto. Katika Kiswahili njia hizo mbili hazijatengana sawasawa.

Neno "kinga" nalo lina historia yake. Mwaka 1882, huko Messina, Elie Metchnikoff alichoma miiba katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, akaona seli zikiuzingira mwiba. Kwa utafiti wake kuhusu kinga alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Kwetu, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na istilahi hiyo ikalifikisha neno "kinga", kwa maana ya kitaalamu, katika kila nyumba. Lakini ilitufunza nusu ya jambo tu, yaani kwamba kinga ikipungua ni hatari. Nusu ya pili ni kwamba kinga isiyojua kukoma ni hatari vilevile.

Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliandika juu ya seli zinazokufa kwa utaratibu. Kwa ushauri wa James Cormack, profesa wa Kigiriki, wakaliita jambo hilo "apoptosis", neno la Kigiriki linalotaja kuanguka kwa majani mtini. Neutrofili, zilizo za kwanza kufika penye jeraha, hufa hivyo zimalizapo kazi. Hudhihirisha fosfatidilserini kwenye uso wake wa nje, na kwa alama hiyo makrofaji huzitambua, huzimeza, kisha hutoa viashiria vya kutuliza. Zisipoondolewa hupasuka, na yaliyomo huchochea moto upya. Mwaka 2003 umezaji huo ulipewa jina lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya kupeleka kaburini. Miaka hiyohiyo Charles Serhan na wenzake walieleza rezolvini, kemikali ambazo mwili huzitengeneza kutokana na mafuta ya omega-3. Ikadhihirika kwamba moto huo haufi kwa kukosa kuni tu, bali huzimwa.

Hapana budi basi dhana hizi zitenganishwe. "Uvimbe" ubaki kuwa jina la dalili. Jibu zima laweza kuitwa "mwako wa tishu", ili lisichanganywe na mwako wa wanakemia. Na mwisho wake, "uzimaji wa mwako". Kwa kifo cha seli, kila aliyeona miombo ikipoteza majani wakati wa kiangazi anacho kitenzi "kupukutika". "Upukutikaji wa seli" wafaa. Kazi ya makrofaji iitwe "maziko ya seli". Kabla ya kusanifishwa, inafaa istilahi hizi zijaribiwe kwanza kwa wauguzi na wakalimani wa mipakani, ambao ndio watakaozitamka mbele ya mgonjwa.