Sauti Mbili Katika Kompyuta Moja: Historia ya Visoma Skrini Ndani ya Mashine Pepe

Utangulizi

Historia ya visoma skrini imezoeleka kusimuliwa kama safari iliyonyooka: kutoka mfumo wa DOS, kupitia madirisha na aikoni, hadi mifumo endeshi ya leo inayokuja na kisoma skrini ndani yake. Kisoma skrini, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayotambua maandishi na vitufe vilivyomo kwenye skrini, kisha kuvitamka kwa sauti au kuvipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu, ili mtumiaji asiyeona afanye kazi zake kwa kibodi. Usimulizi huo una ukweli wake. Hata hivyo, unapita juu ya jambo ambalo baadhi ya watumiaji wasioona wa kompyuta mpakato walikabiliana nalo tangu katikati ya miaka ya 2000: kuendesha mfumo endeshi mmoja ndani ya mwingine kwa kutumia mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Insha hii inadai kwamba mashine pepe iliurudisha ukimya uliodhaniwa kuwa umekwisha, na kwamba lililogombewa hasa halikuwa ubora wa sauti, bali uwezo wa mtu asiyeona kusakinisha mfumo wake mwenyewe bila kuazima macho ya jirani.

Kutoka herufi hadi picha

Katika DOS, skrini ilikuwa jedwali la herufi, kwa kawaida safuwima 80 na mistari 25, lililokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Programu nyingine iliweza kulisoma bila shida. Ndiyo sababu kazi ya Jim Thatcher katika kampuni ya IBM, na ile ya Ted Henter aliyetoa JAWS ya DOS mwaka 1989, iliwezekana katika mashine ndogo za wakati huo. Kompyuta ya Macintosh ilivunja utaratibu huo, kwa kuwa skrini yake ilikuwa picha ya nukta. Herufi ikishachorwa haikuwa herufi tena. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa outSPOKEN kwa ajili ya Macintosh. Mbinu iliyoshika nafasi katika kipindi hicho ilikuwa kunasa amri za uchoraji kabla hazijageuka nukta, na kutunza kwenye kumbukumbu nakala ya kile kilichoandikwa. JAWS ya Windows ilifuata mwaka 1995. Miaka miwili baadaye Microsoft ilitoa Active Accessibility, ambayo kwayo programu hujieleza yenyewe: hiki ni kitufe, jina lake ni hili, hali yake ni hii. VoiceOver ya Apple ilikuja mwaka 2005, na mwaka 2006 Michael Curran wa Australia akaanza kuandika NVDA, kisoma skrini huria kisicholipiwa.

Mbinu hizi zote zilitegemea sharti moja ambalo lilionekana dhahiri mno hata halikuhitaji kutajwa: kisoma skrini na programu inayosomwa vikae katika mfumo mmoja.

Mwenyeji na mgeni

Mashine pepe si uvumbuzi wa kompyuta mpakato. IBM ilikuwa na mfumo wa CP-40 mjini Cambridge, Massachusetts, mwaka 1967, na VM/370 ilitangazwa mwaka 1972. Kwenye kompyuta binafsi, VMware Workstation ilitoka mwaka 1999. Lakini mwaka ulioleta mabadiliko kwa watumiaji wasioona ni 2006, Apple ilipohamia kwenye vichakata vya Intel na Parallels Desktop ikawezesha Windows kuendeshwa ndani ya Mac kwa kasi ya kuridhisha. VMware Fusion na VirtualBox zilifuata mwaka 2007. Aliyependa VoiceOver nyumbani lakini akahitaji Windows kazini aliweza kubeba zote mbili katika mkoba mmoja.

Istilahi za taaluma hii huuita mfumo wa nje mwenyeji na wa ndani mgeni. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alipofika, mwenyeji alinyamaza. Mgeni huchora kwenye kadi ya picha ya kuigiza, na kinachomfikia mwenyeji ni nukta tupu. VoiceOver ilitamka jina la dirisha la mashine pepe, kisha isiwe na la kusema. Lilikuwa tatizo lilelile la Macintosh ya kwanza, safari hii likiwa limefungiwa ndani ya dirisha moja.

Suluhisho likawa kuweka kisoma skrini cha pili ndani ya mgeni. Hapo bei ilikuwa na uzito wake. Leseni za visoma skrini vya kibiashara ziliambatanishwa na mashine mojamoja, na mashine pepe ilihesabika kuwa mashine nyingine. NVDA haikuwa na kikwazo hicho. Zaidi ya hayo ilikuja na eSpeak, kisanisi sauti kidogo chenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, ingawa matamshi yake ni makavu na sikio huchukua muda kuyazoea.

Suala la kibodi, ambalo mtu anayeona anaweza kulidharau, lilikuwa gumu zaidi. JAWS na NVDA huamriwa kwa kushikilia kitufe maalumu pamoja na vingine. Kwa kawaida kitufe hicho ni Insert, na amri nyingi hutolewa kwa vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi kubwa. Kompyuta mpakato nyingi hazina vitufe hivyo vya namba; MacBook haina Insert kabisa. Programu zote mbili zina mpangilio wa kompyuta mpakato unaotumia Caps Lock badala yake, lakini katika Mac kitufe hicho hushughulikiwa kwanza na mwenyeji kama swichi ya kuwasha na kuzima, hivyo mgeni huweza kukosa taarifa kwamba kimeshikiliwa. Watumiaji wakaanza kubadili maana ya vitufe. Programu ndogo ya SharpKeys, kwa mfano, huandika katika rejista ya Windows kwamba kitufe fulani kisichotumika kihesabiwe kuwa Insert. Mwaka 2016 VoiceOver nayo iliruhusiwa kutumia Caps Lock, na kitufe kimoja kikawa na wadai wawili. Wengine waliona nafuu kuzima VoiceOver kwa Command na F5 kila walipoingia kwa mgeni, na kuiwasha walipotoka.

Dakika za mwanzo

Yote hayo yalihusu mgeni aliyekwisha kusakinishwa. Ugumu mkubwa ulikuwa kabla ya hapo, wakati ambapo ndani ya mgeni hamna kisoma skrini, na pengine hamna hata sauti. VMware, kwa mfano, iliiga kadi ya sauti ya Ensoniq, lakini Windows Vista ya biti 64 haikuja na kiendeshi chake. Kiendeshi kilikuwa ndani ya VMware Tools, na kifurushi hicho kilisakinishwa katika skrini ambayo asiyeona hakuweza kuisikia. Waliokwama hapo walihesabu mibonyezo ya vitufe kwa kukariri, au waliandaa faili la majibu ili usakinishaji ujiendeshe wenyewe.

Mlango ulifunguliwa kwa nyakati tofauti. Debian 7, iliyotoka mwaka 2013, ilimwezesha mtumiaji kubonyeza herufi s na Enter mwanzoni, kisha kusakinisha mfumo mzima kwa sauti. Mwaka 2017 Windows 10 iliruhusu kisoma skrini chake, Narrator, kuwashwa katika hatua za usakinishaji. Kwa upande wa mwenyeji, JAWS ilipata uwezo wa kutambua maandishi ndani ya picha mwaka 2011, na NVDA mwaka 2017 ikaanza kutumia huduma kama hiyo iliyomo katika Windows 10. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Katika kompyuta halisi, skrini za kwanza kabisa, kabla mfumo endeshi haujaamka, ni bubu. Katika mashine pepe skrini hizohizo ni picha ndani ya dirisha la mwenyeji aliye macho, na mwenyeji anaweza kuisoma picha. Mpaka uleule ulionyamazisha sauti ukampa asiyeona njia ya kusoma mahali ambapo mashine halisi ilimnyima.

Mwaka 2020 Apple ilianza kuachana na Intel. Mac hizo mpya hazina Boot Camp, yaani njia ya kuweka Windows kwenye sehemu yake ya diski, na kwa anayetaka Windows ndani ya kompyuta yake mwenyewe ilibaki mashine pepe peke yake, tena kwa toleo la Windows lililoandikwa kwa vichakata vya Arm.

Kwa mtafiti, mashine pepe ni hifadhi pia, ingawa ina mipaka. DOS huendeshwa ndani yake bila tabu, na kisoma skrini cha miaka ya 1980 huweza kupakiwa. Ila programu nyingi za wakati ule hazikuwa na sauti yao wenyewe. Zilituma maandishi kwa waya hadi kwenye kisanisi cha nje, kama vile DECtalk. Mashine pepe huweza kuunganishwa na tundu hilo la waya kwenye mwenyeji, mradi kifaa kipatikane. Kisipopatikana, programu husoma skrini yote na hakuna kinachosikika.