Roketi

Roketi ni chombo kinachokwenda kwa kutema gesi. Kanuni yake aliiandika Isaac Newton mwaka 1687: kila kani huzaa kani nyingine iliyo sawa nayo, upande wa pili. Gesi ikifyatuka nyuma, chombo husukumwa mbele. Injini ya ndege huvuta hewa ya nje. Roketi hubeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo huwaka hata pasipo hewa.

Kazi iko kwenye uzito. Ili setilaiti ibaki ikiizunguka dunia karibu nayo, yahitaji kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Mwaka 1903 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba kasi ya roketi hutegemea kasi ya gesi inayotoka na uwiano wa uzito kabla na baada ya mafuta kuungua. Ndiyo maana roketi karibu yote ni mafuta. Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969, ilikuwa na tani 2,900 hivi, lakini mzigo iliouelekeza mwezini ulikuwa kama tani 45 tu. Nayo iliundwa kwa vipande vitatu, kila kimoja kikiachwa kazi yake ikiisha.

Kipande chake cha chini kilichoma mafuta ya taa, jamaa wa yale ya kibatari, pamoja na oksijeni iliyopozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri. Pampu zilisukuma zaidi ya tani 12 kwa sekunde kwenye injini tano. Chuma kisiyeyuke, mafuta yalipitishwa kwanza kwenye vijibomba vya kuta za injini kuzipoza, kisha yakaenda kuungua. Jairoskopu, yaani vifaa vya kuhisi mgeuko, na kompyuta zilishika njia kwa kugeuza injini zenyewe.

Mafuta yabisi ni rahisi zaidi, ila yakishawashwa hayazimiki. Roketi ya Scout iliyatumia katika vipande vyote vinne. Tarehe 12 Desemba 1970, Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani. Setilaiti hiyo ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru. Huko karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa, bure kabisa.

Kipande kilichoachwa chaweza pia kurudi: Desemba 2015 kipande cha chini cha roketi ya Falcon 9 kilirudi kutua wima Florida. Kutua huko kuna gharama: lazima kibakize mafuta ambayo yangebeba mzigo zaidi.